Pingili ya nane: jinsi ya kumtambua Ischnura senegalensis kuanzia Dunga hadi Naivasha

Kereng'ende wembamba wenye samawati mkiani ni wengi Kenya, na hapo ndipo taabu inapoanzia. Mtu anaona kijidudu cheusi chenye doa la samawati nyuma, anakifungulia picha mbili tatu mtandaoni, anaandika Ischnura senegalensis, basi. Mara nyingi atakuwa amepata, kwa kuwa huyu ndiye wa kawaida kuliko wengi kando ya maji yaliyotulia magharibi mwa Kenya. Lakini kupata kwa bahati si kutambua. Doa lenyewe halitoshi. La maana ni linaanzia pingili gani na linakomea wapi.

Kwanza ujue uko kwenye kundi gani. Kereng'ende wakubwa hutua wakiwa wametandaza mabawa. Wembamba wengi huyakunja juu ya mgongo yakalala sambamba na tumbo, na macho yao yako mbalimbali, kila jicho pembeni mwa kichwa. Ukimwona mwembamba aliyetua mabawa yakiwa nusu wazi, huyo huenda ni wa jenasi Lestes (jenasi ni kundi la aina zinazokaribiana). Mwache, siye tunayemtafuta. Wetu ana urefu wa takriban sentimita tatu, ni mwembamba kuliko njiti ya kiberiti, na hukaa chini: hupita katikati ya nyasi, mara nyingi chini ya usawa wa goti, akiruka hatua fupi fupi na kutua tena. Ukiwa umesimama wima ukitazama mbele, unaweza kupita katikati ya makumi yao bila kumwona hata mmoja. Chuchumaa.

Mahali pa kumtafuta

Hapendi maji yanayokimbia wala kivuli kizito. Anapenda maji yaliyotulia au yanayojikokota, yenye majani ya kutulia na jua la kutosha. Kisumu, pembeni mwa mafunjo ya Dunga panafaa, hasa pale mafunjo yanapokutana na nyasi fupi. Ukingo uliojaa gugumaji unafaa pia. Majaruba ya mpunga ya Ahero na mifereji yake ni mahali pazuri mno pa kujifunzia, kwa sababu unatembea juu ya tuta kavu huku mimea ikiwa usawa wa goti pande zote mbili. Mabwawa ya samaki ya Siaya, Busia na Vihiga, mashimo ya wafyatua matofali yaliyojaa maji ya mvua, mitaro ya pembezoni mwa mji, hata mabwawa ya maji taka: kote huko anaweza kuwepo.

Upande wa Nakuru, anza na Naivasha, ambako maji hayana magadi. Ziwa Nakuru lenyewe ni la magadi, kwa hiyo elekeza macho kwenye vinamasi vya midomo ya mito inayoingia ziwani, kama Njoro, Makalia na Nderit. Sehemu kubwa ya eneo hilo iko ndani ya hifadhi, na humo huruhusiwi kushuka garini popote upendapo, sembuse kuzungusha wavu bila kibali cha KWS, shirika la serikali linalosimamia wanyamapori. Ndani ya msitu wa Kakamega, kwenye vijito vya kivulini, wapo kereng'ende wengine wa kupendeza, lakini huyu si wa huko. Ukidhani umemwona chini ya miti minene, rudia kuhesabu pingili.

Saa nzuri ni kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa sita mchana. Kisumu, mchana ukisonga upepo wa ziwa hupata nguvu. Nyasi zinayumba, wadudu wanajificha chini kwenye mashina, na picha zako zote zinatoka ukungu. Wanaotaka picha safi hufika mapema zaidi, jua likiwa ndio kwanza linachomoza, wakati kereng'ende bado ana baridi na ananing'inia kwenye unyasi bila haraka ya kuruka.

Vifaa ni vichache: lenzi ya mkono ya kukuza mara 10, rula ya plastiki, simu yenye kamera inayoweza kupiga karibu, daftari, na penseli. Kalamu ya wino itakuangusha siku ya kwanza daftari litakapoloa. Gambuti si anasa. Maji ya kina kifupi ya ukingo wa Ziwa Victoria yana konokono wanaosambaza kichocho, kwa hiyo usiingie miguu mitupu, na usijidanganye kwamba dakika mbili hazina neno. Kuhusu viboko, waulize wavuvi wa ufuo huo kabla ya kuingia kwenye mafunjo. Wao ndio wanaojua walipolala leo.

Jinsia kwanza

Watu wengi hurukia rangi. Usirukie. Amua kwanza kama mbele yako ni dume au jike, kwa sababu jike wa aina hii ana sura zaidi ya moja, na sura mojawapo inaiga dume karibu kila kitu.

Tazama kwa ubavu. Dume ana kivimbe kidogo chini ya pingili ya pili ya tumbo, karibu kabisa na kifua. Hicho ni kiungo chake cha kujamiiana. Mwisho wa tumbo lake ni mwembamba, na kwenye ncha kuna vikoleo vidogo vya kumshikia jike. Jike hana kivimbe hicho. Badala yake tumbo lake limenenepa upande wa chini karibu na mwisho, pingili ya nane na ya tisa, palipo na kifaa cha kutobolea mmea ili kutaga mayai. Ukishazoea, unene huo unauona hata bila lenzi.

Kuhesabu pingili

Tumbo lina pingili kumi. Anayehesabu kutoka mbele hukosea, kwa kuwa pingili ya kwanza na ya pili ni fupi na hufichwa na mashina ya mabawa. Hesabu kutoka nyuma. Kipande kifupi kabisa cha mwisho, chenye vikoleo, ni cha kumi. Kinachofuata, kifupi pia, ni cha tisa. Kinachofuata, kirefu kidogo kuliko hivyo viwili, ni cha nane. Kuanzia cha saba kwenda mbele hadi cha tatu ni virefu na vyembamba.

Dume aliyekomaa wa Ischnura senegalensis anatakiwa aonekane hivi: pingili ya nane yote samawati, mgongoni na ubavuni, kama pete iliyokamilika. Ya tisa ni nyeusi mgongoni, na samawati imebaki pembeni tu, upande wa chini. Ya kumi ni nyeusi juu. Mgongo wa tumbo kuanzia pingili ya pili hadi ya saba ni mweusi mfululizo, na chini yake ubavuni kuna rangi iliyopauka ya manjano. Mpangilio huo, yaani pete moja ya samawati yenye weusi mbele na weusi nyuma yake, ndio utambulisho. Samawati ikivuka ikafunika mgongo wa pingili ya tisa pia, simama hapo hapo. Una kereng'ende mwingine.

Kuna udanganyifu mmoja wa macho unaorudi kila mara. Ukimtazama kutoka ubavuni ukiwa chini kidogo, samawati ya pembeni ya pingili ya tisa inaungana na ya nane, na unaona pingili mbili za samawati. Ukimtazama kutoka juu kabisa, unaona moja. Kwa sababu hiyo picha ya ubavu peke yake haitoshi kuamua. Lazima uwe na ya mgongoni.

Doa la bawa

Karibu na ncha ya kila bawa, ukingoni mwa mbele, kuna doa dogo lenye rangi. Kwa dume wa Ischnura, doa la bawa la mbele lina rangi mbili: sehemu ya ndani nyeusi, sehemu ya nje nyeupe au samawati iliyopauka. La bawa la nyuma ni la rangi moja iliyofifia. Kwa jike, madoa yote ni ya rangi moja. Alama hii ni ndogo mno kuonwa kwa jicho tupu, lakini kwa lenzi au kwenye picha iliyokaa sawa inaonekana vizuri, na huwa ndiyo inayomaliza ubishi. Tatizo ni kwamba akiwa ametua, mabawa manne yamelaliana na madoa yanapishana. Piga picha kadhaa mfululizo, kwani mara kwa mara hufungua na kufunga mabawa kidogo.

Kifua kisikuchukulie muda mwingi. Juu ni cheusi chenye mistari miwili myembamba ya rangi, na ubavuni ni kijani au samawati. Rangi hiyo ya ubavuni hubadilika, kwa hiyo usiitumie kukataa wala kukubali. Nyuma ya macho, juu ya kichwa cheusi, kuna vidoa viwili vidogo vya mviringo vya samawati. Vinasaidia, ila kereng'ende wembamba wengine pia wanavyo.

Majike, ambao ndio mtihani wenyewe

Jike anayeiga dume ana kifua cha kijani au samawati, mgongo mweusi na pete ya samawati kwenye pingili ya nane. Ukimtazama haraka ni dume. Ukitazama chini ya mwisho wa tumbo utaona unene wa kifaa cha kutagia, na doa la bawa la mbele halina rangi mbili. Hapo jina la aina linabaki lile lile, ila unaandika jike wa sura ya dume. Usiache kuandika sura hiyo. Wanaosoma maisha ya wadudu hawa wanahitaji sana uwiano wa sura za majike mahali fulani, na hakuna picha ya dume itakayowapa.

Jike wa sura ya pili, akiwa mchanga, ana rangi ya machungwa kali kifuani na mwanzoni mwa tumbo. Mgongo wa tumbo ni mweusi, na hana pete ya samawati. Akikomaa machungwa hayo hufifia na kuwa kahawia, au kijani kilichochanganyika na kahawia. Anayekutana na wote wawili siku moja kwenye bwawa moja anaweza kuapa kwamba ni aina mbili. Mwenye machungwa ndiye anayechanganywa na wengine zaidi ya wote, kwa hiyo mlinganishe na hawa wawili.

Ceriagrion glabrum ana tumbo la machungwa au jekundu lisilo na weusi wowote mgongoni, kifua cha kijani au zeituni kisicho na mistari, na ni mkubwa zaidi, hadi sentimita nne hivi. Weusi wa mgongo ukiwepo tangu mwanzo hadi mwisho wa tumbo, huyo si Ceriagrion.

Kereng'ende wa jenasi Agriocnemis ni wadogo hata kuliko wetu, na majike wao wachanga nao huwa wekundu au rangi ya machungwa. Hapa rula inasema kuliko rangi. Bawa la nyuma la Agriocnemis huwa kama sentimita moja tu. La Ischnura senegalensis hukaribia sentimita moja na nusu au kupita. Madume wa Agriocnemis wengi wana ncha ya tumbo yenye rangi ya machungwa, kwa hiyo kwa madume hakuna shida kubwa. Shida ni majike.

Wenye samawati wanaofanana

Kwenye nyanda za juu, kuanzia pande za Nakuru kwenda Mau na Nyandarua, utakutana na Africallagma na Proischnura. Hao nao ni wadogo, weusi kwa samawati, na hukaa kwenye nyasi za madimbwi. Kwa madume wao samawati ya mwisho wa tumbo hufunika zaidi ya pingili moja: ya nane na ya tisa zote, wakati mwingine na zaidi. Kwa hiyo kadiri unavyopanda kutoka Kisumu, kwenye mita 1,100 na kitu, kwenda Naivasha karibu na mita 1,900, ndivyo unavyopaswa kuhesabu kwa makini zaidi. Kanuni ya kukisia inayofanya kazi Ahero itakuaibisha kwenye bwawa la Molo.

Jenasi Pseudagrion ina aina nyingi, na wengi hupenda mito na ukingo wa ziwa. Kwa kawaida ni wakubwa na wenye mwili mrefu zaidi. Pseudagrion massaicum humtambui kwa mkia. Ana uso mwekundu, jambo ambalo wetu hana kamwe.

Jambo jingine la kukupotosha ni utitiri wa maji. Ni vidonge vyekundu vilivyojipanga chini ya kifua au chini ya tumbo, na watu huviandika kama alama ya mwili au mayai. Ni vimelea. Viandike kwenye daftari, lakini usivitumie kutambua aina.

Picha zinazotosha

Picha tatu zinamaliza kazi: ya ubavu, ya mgongoni kutoka juu, na ya karibu ya mabawa. Kwa picha ya ubavu, simu iwe sambamba na tumbo lote. Ukiinamisha kidogo tu, kichwa kitatoka safi na mkia utakuwa ukungu, ilhali mkia ndio uliokuleta. Jua likiwa kali, simu hupima mwanga wa nyasi za giza na kuiunguza samawati ikawa nyeupe. Punguza mwanga kwa kidole kwenye kioo kabla ya kupiga. Zima taa ya simu, kwani weusi wa mwili unang'aa na taa huleta mng'aro mweupe unaofanana na alama. Simu ikikataa kumshika ikashika majani ya nyuma yake, weka kiganja nyuma ya unyasi aliotua, mbali kidogo. Kitampa kamera kitu cha kulenga. Mfikie ukiwa umechuchumaa, na kivuli chako kisimguse. Kivuli kikimpita, anaruka.

Ukilazimika kumshika

Kwa aina hii, mara nyingi huna sababu ya kumshika isipokuwa unataka kupima bawa. Wavu uwe na duara la upana wa sentimita 30, mfuko wenye kina cha sentimita 60 ili ukizungusha mpini mfuko ukunjike na kuziba mdomo, na mpini wa mita moja. Usishone mfuko kwa chandarua cha mbu kilichotiwa dawa: dawa ile ni ya kuua wadudu na haichagui. Kitambaa cha neti ya pazia kinafaa. Vilevile futa mikono kama umejipaka dawa ya kufukuza mbu.

Pitisha wavu kutoka chini kwenda juu, mara moja, kisha uzungushe mpini. Ingiza mkono, kusanya mabawa yote manne juu ya mgongo na uyashike kati ya kidole gumba na cha shahada. Usimshike tumbo wala miguu. Mwenye mabawa yanayometameta na mwili uliopauka ametoka majini muda si mrefu na bado ni laini. Huyo usimguse kabisa, mabawa yake yatajikunja na hatapona. Pima, tazama doa la bawa kwa lenzi, mwachilie kwenye unyasi ule ule. Kumuua ili umtambue nyumbani ni kazi bure: samawati hupotea haraka baada ya kifo, na kesho yake utakuwa na mdudu mweusi wa kahawia asiye na pete ya kuhesabu.

Kuandika

Andika tarehe, saa, mahali kwa ukamilifu (si "Kisumu" tu, bali mfereji gani, upande gani), aina ya maji, hali ya jua na upepo, idadi ya madume, idadi ya majike na sura zao. Ukiona wawili wameungana kwa umbo la gurudumu, andika na saa. Kujamiiana kwao huchukua saa kadhaa, na mara nyingi asubuhi ndiyo utakapowakuta hivyo. Baadaye jike hutaga peke yake, akitoboa mashina yaliyo usawa wa maji, bila dume kumshikilia. Jike aliye peke yake akitaga alasiri ni dokezo zuri, kwa kuwa kwa Pseudagrion na Ceriagrion dume kwa kawaida huwa bado ameshikilia.

Usipopata picha ya mgongo wa pingili ya nane na ya tisa, andika jina la jenasi peke yake, tena kwa alama ya kuuliza. Rekodi ya jenasi iliyo sahihi ina faida kuliko jina kamili la kubahatisha.

Kwa vilabu vya mazingira vya shule vinavyotumia kereng'ende kupima hali ya mto: msimhesabu huyu kama dalili ya maji safi. Anavumilia maji machafu, maji yenye chumvi kiasi, na mabwawa mapya yasiyo na mimea ya kutosha. Kwenye kipimo kinachotumiwa Afrika Kusini, kinachoanzia 0 hadi 9, amepewa 0. Akiwepo pamoja na aina nyingine nyingi, uzito uwe kwa hizo nyingine. Akiwepo peke yake kwa mamia, hapo ndipo pa kuuliza maji hayo yanapokea nini.

Na tunutu wake, yule mtoto wa majini mwenye vijani vitatu bapa vya kupumulia mwishoni mwa tumbo, usijaribu kumpa jina la aina kwa lenzi ya mkono ukingoni mwa bwawa. Andika kereng'ende mwembamba, tunutu, kisha mrudishe majini.